Mila za Thailand: zipi za mababu, zipi zilitungwa juzi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dalali wa vito, makazi yangu Arusha. Mwaka huu nilipeleka spineli za Mahenge na yakuti za Tunduru kwenye soko la Chanthaburi, Thailand. Jioni moja, saa kumi na mbili kamili, nikiwa stendi ya basi, wimbo ulipigwa kwenye vipaza sauti na kila mtu akasimama pale pale alipokuwa. Mama mwenye nyumba ya wageni alinieleza kuwa hiyo ni mila ya Wathai tangu enzi za mababu, sawa na salamu yao ya kukutanisha viganja, pad thai na nguo zao za hariri. Kijana ninayefanya naye biashara, Mthai pia, alicheka sana: "Hayo yote alituletea mwanajeshi mmoja juzi juzi." Nimebaki njia panda. Nani mkweli? Na kama kijana ndiye mkweli, Wathai wana nini cha kwao hasa? Nitarudi huko Aprili, ningependa kujua niangalie nini.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Kwa vitu alivyovitaja mama mwenye nyumba ya wageni, kijana wako amepatia kwa sehemu kubwa. Alikosea aliposema "yote", na alikosea pia kudhani kwamba kitu kikishajulikana kilianza lini basi habari yake imekwisha. Tuvichambue, tukianza na huo wimbo uliokukuta stendi.

Muziki wake ulitungwa mwaka 1932, mwaka ambao kundi la maafisa wa jeshi na watumishi wa serikali lilimpokonya mfalme mamlaka yake ya kutawala bila katiba. Mtunzi ni Phra Chen Duriyang. Hilo ni jina la cheo. Jina la kuzaliwa lilikuwa Peter Feit: baba yake mwanamuziki mwenye asili ya Ujerumani aliyetokea Marekani kuja kufundisha Siam, jina la zamani la Thailand, mama yake Mmon, yaani mtu wa jamii iliyokaa bonde la mto Chao Phraya karne nyingi kabla ya Wathai kufika. Maneno yanayoimbwa leo yaliwekwa mwaka 1939, na mstari wa kwanza unasema Thailand imeunganisha damu na nyama ya kabila la Wathai. Wimbo wa damu moja, muziki wake katunga mtu wa damu mbili. Wathai wenyewe wakikumbushwa hilo hutabasamu.

Kusimama nako kuliagizwa. Septemba 1939 serikali ilitoa tangazo kwamba bendera ikipandishwa au kushushwa, na wimbo ukipigwa, kila mtu asimame kwa heshima. Ndiyo maana ni saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni: ndizo saa za bendera. Mama yako wa nyumba ya wageni hajadanganya, kwa kuwa hata kama ana miaka themanini hajawahi kuishi siku ambayo jambo hilo halikuwepo. Kwake ni la tangu na tangu. Lakini bibi yake hakulijua.

Mwanajeshi anayesemwa na kijana ni Plaek Phibunsongkhram, ambaye huitwa Phibun kwa kifupi. Alikuwa mmoja wa waliopindua utawala mwaka 1932, akawa waziri mkuu Desemba 1938, akaendelea hadi 1944, kisha akarudi tena 1948 hadi 1957. Kati ya 1939 na 1942 serikali yake ilitoa maagizo kumi na mawili ya kuwafundisha watu namna ya kuwa Wathai. La kwanza kabisa, tarehe 24 Juni 1939, lilibadilisha jina la nchi: Siam ikawa Thailand. La tatu liliwakataza watu kuitana Wathai wa kaskazini, Wathai wa kusini au Wathai Waislamu; wote waitwe Wathai tu, basi. La tano liliwataka wanunue bidhaa za nchini. La tisa lilihusu lugha, la kumi mavazi. La kumi na moja liliingia hadi chumbani: ule mara ngapi kwa siku, ulale kwa saa ngapi, muda wa mapumziko uutumieje.

Watu wa pwani yetu wangelia na hili: tambuu ilipigwa marufuku. Ilikuwa ndiyo ukarimu wa kila nyumba, mgeni akifika anawekewa sahani ya tambuu na popoo, meno meusi yakihesabiwa kuwa urembo. Phibun aliona aibu mbele ya Wazungu. Wanawake wakaamriwa kuvaa kofia na sketi, waachane na kitambaa kilichokuwa kikizungushwa kiunoni, kupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Kulikuwa na kaulimbiu kwamba kofia zitaipeleka Thailand kwenye ukuu. Ukienda ofisi ya serikali bila kofia, unaweza kurudishwa nyumbani.

Usimcheke haraka, maana hofu yake ilikuwa na sababu. Siam ndiyo nchi pekee ya eneo lile ambayo haikutawaliwa na Wazungu, lakini ilikatwa vipande pembeni: Laos ilichukuliwa na Ufaransa mwaka 1893, magharibi ya Kambodia mwaka 1907, na majimbo manne ya Wamalay yakaenda kwa Waingereza mwaka 1909. Hata Chanthaburi ulikouza vito ilikaliwa na askari wa Kifaransa kuanzia 1893 kwa zaidi ya miaka kumi, iwe rehani ya mkataba. Phibun na wenzake waliamini kwamba nchi isiyo na taifa moja lenye sura moja italiwa. Tatizo ni kwamba ndani ya mipaka iliyobaki kulikuwa na watu wa kila namna, na sura moja ilibidi ichongwe.

Na wewe wa Arusha huna haja ya kwenda mbali kuelewa hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwavalisha Wamaasai suruali, ikiona lubega ni aibu ya taifa changa. Leo lubega hiyo hiyo iko kwenye kila bango la utalii pale uwanja wa ndege.

Hilo ndilo lililotokea kwa mavazi ya Wathai. Mwaka 1960 Malkia Sirikit, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa akijiandaa kwa ziara ndefu ya Marekani na Ulaya. Alikuta kwamba hana vazi la taifa la kuvaa, kwa kuwa Phibun alishaliondoa na la Kizungu lilikuwa limeshika nafasi. Akakusanya wataalamu, wakachunguza picha na mavazi ya kasri, wakabuni mitindo ambayo baadaye ilifika minane, kila mmoja ukipewa jina la jengo au ukumbi wa kifalme. Mbunifu Mfaransa Pierre Balmain alishiriki kumtengenezea nguo za ziara ile. Mitindo hiyo minane ndiyo utakayoiona kwa maharusi, kwa warembo wa mashindano na kwa mabinti wa hoteli kubwa. Hariri yenyewe ni ya kale, hapo mama yako kapatia: akina mama wa Isan, kaskazini mashariki, wamekuwa wakifuga viwavi na kufuma kwa vizazi vingi. Ila hariri kuwa alama ya Thailand duniani kulitokana na Mmarekani Jim Thompson, aliyefungua kampuni Bangkok mwaka 1948 na kupotea msituni Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Na wafumaji wake wa kwanza pale Bangkok walikuwa Waislamu wa Kicham wa mtaa wa Ban Krua, kando ya mfereji wa Saen Saep, watu ambao asili yao ni Kambodia na Vietnam. Mtaa huo upo hadi leo na msikiti wake. Ukipata nusu siku Bangkok, nenda.

Pad thai haihitaji maneno mengi. Tambi za mchele na ufundi wa kukaanga kwa moto mkali kwenye karai vililetwa na Wachina. Ukwaju, sukari ya mnazi na mchuzi wa samaki ndivyo vilivyoifanya iwe na ladha ya huko. Serikali ya Phibun ilifanya kampeni kubwa ya kuwataka watu wale tambi na kuziuza barabarani, hasa baada ya mafuriko makubwa ya 1942, ikitafuta chakula cha bei nafuu na kazi ambayo Mthai angeifanya badala ya kumwachia Mchina. Salamu ya mdomo, sawatdi, nayo ilitungwa miaka ya 1930 na mwalimu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Phraya Upakit Silapasan, kutokana na Kisanskriti; serikali ikaifanya rasmi mwaka 1943. Kabla ya hapo watu waliulizana umekula au unakwenda wapi, na kijijini bado wanaulizana hivyo. Lakini kule kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa, ambako wanakuita wai, ni kwa kale mno. Kulitoka India pamoja na dini, na utakuona Laos, Kambodia na Myanmar vile vile.

Hapo ndipo hasa nilipotaka tufike, kwa sababu swali lako la pili ndilo zito: Wathai wana nini cha kwao?

Anza na mji ule ule uliokwenda. Chanthaburi ina sanamu ya mfalme Taksin, na hakuna mtoto wa shule asiyejua kwa nini. Waburma, yaani watu wa Myanmar ya leo, walipouzingira mji mkuu wa Ayutthaya, ambao waliuteketeza Aprili 1767, Taksin alikimbilia mashariki, akaiteka Chanthaburi, akaunda jeshi na meli pale, akarudi kuwafukuza adui. Ni shujaa wa taifa. Baba yake alikuwa mhamiaji wa Kichina, wa jamii ya Teochew. Vuka mto kutoka mtaa wa vito utakuta kanisa kuu la Katoliki, kubwa kuliko unavyotarajia katika nchi ya Kibuddha: waumini wake wa mwanzo walikuwa Wavietnam waliokimbia mateso ya dini kwao. Wachimbaji walioijulisha dunia rubi za eneo lile katika karne ya 19 walikuwa Washan kutoka Burma. Na kabla ya hao wote, kwenye vilima vya Khao Khitchakut, waliishi Wachong, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikhmer wala haina undugu na Kithai. Wachong ndio wenyeji hasa wa Chanthaburi. Siku hizi wanaosema lugha hiyo ni wazee wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walishirikiana na Chuo Kikuu cha Mahidol kuiandika kwa herufi za Kithai na kuifundisha shuleni. Muulize kijana wako kama amewahi kusikia neno moja la Kichong. Ningeweka dau kwamba hajasikia.

Mji mmoja huo. Ayutthaya yenyewe, kwa miaka zaidi ya mia nne tangu 1351, ilikuwa bandari ya mto iliyojaa mitaa ya Wareno, Wajapani, Waajemi, Wachina na Wamalay. Pilipili unayoitolea machozi kwenye supu ya tom yam ni ya bara la Amerika. Wareno ndio walioieneza Asia, kama walivyoifikisha kwetu. Vile vitamu vya kiini cha yai na sukari vinavyouzwa kama vya kifalme vinahusishwa na Maria Guyomar de Pinha, mwanamke mwenye damu ya Kijapani na Kireno, mke wa Constantine Phaulkon, Mgiriki aliyepanda hadi kuwa mshauri mkuu wa mfalme Narai katika karne ya 17.

Lakini anayenivutia mimi zaidi ni Sheikh Ahmad. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, aliyefika Ayutthaya mwanzoni mwa karne ya 17 akapewa kusimamia biashara ya nje na kuwaongoza Waislamu wote wa ufalme. Cheo hicho cha kiongozi wa Waislamu kipo mpaka leo. Wajukuu zake wengi waliingia dini ya Buddha na kuwa ukoo wa Bunnag, ukoo ambao katika karne ya 19 ulikuwa na nguvu kiasi kwamba mfalme Chulalongkorn aliporithi kiti akiwa kijana mwaka 1868, mtu wa ukoo huo ndiye aliyeshika nchi hadi mfalme alipofikia umri. Pwani yetu ina koo zinazojivunia Shirazi. Kumbe bahari ile ile ya Hindi ilipeleka Waajemi ukingo wake wa pili, nao wakawa Wathai wa ndani kabisa ya kasri. Na kwa kuwa tumeigusa bahari, nikuchekeshe kidogo: saa zao za usiku wanahesabu kama sisi. Saa moja usiku yetu ni saa moja usiku yao, na hivyo hivyo mpaka saa tano. Baada ya saa sita ndipo wanapotuacha, wanaanza upya na moja. Watalii wa Kizungu hupata tabu sana na hesabu hiyo.

Sasa usije ukasema, basi ni mchanganyiko mtupu, hawana lao. Wanalo, tena la ndani. Ila utaratibu wake ni wa ajabu: kadiri jambo linavyokuwa la kale, ndivyo linavyovuka mpaka wa nchi na kukutwa kwa majirani pia, kadiri linavyokuwa la Thailand peke yake, ndivyo linavyokuwa la juzi.

Chukua roho za mwili. Wathai wanaamini mtu ana khwan thelathini na mbili, kila kiungo na yake, na mtu akipata mshtuko, akihama, akioa au akirudi kutoka safari ndefu, baadhi huweza kutoroka. Wazee hukaa naye, wakaziita kwa maneno ya ushairi, kisha kila mmoja akamfunga uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono. Hili ni la kale kuliko Ubuddha wao, na hakuna serikali iliyolitunga. Utalikuta Laos, kwa Washan wa Myanmar na hata kusini mwa China, ambako wazungumzaji wa lugha za ukoo wa Kithai waliteremka kutoka upande huo miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Vijumba vidogo juu ya nguzo mbele ya kila duka, vyenye soda nyekundu imefunguliwa na mrija ndani, ni vya mizimu ya ardhi. Hivyo pia vina majirani zake. Na mtawa anayepita alfajiri na bakuli lake, kijana anayevaa joho la manjano kwa miezi mitatu ya masika kabla ya kuoa ili kumlipa mama yake fadhila: hiyo ni mila ya Theravada, tawi la kale la Ubuddha, waliyoipokea kupitia Wamon na Sri Lanka. Mambo haya matatu, yaani khwan, mizimu na hekalu, ndiyo uti wa mgongo wa maisha ya mtu wa kawaida, na Phibun hakuweza kuyaumba wala kuyafuta.

Ugomvi huanza pale mambo ya kale yanapotakiwa yawe na mwenyewe mmoja. Mwaka 2018 kamati ya UNESCO ilikutana Port Louis, Mauritius, ikaorodhesha khon ya Thailand, ile ngoma ya vinyago inayosimulia vita vya Rama na jitu Thotsakan. Katika kikao hicho hicho ikaorodhesha lkhon khol ya Kambodia. Ni ngoma za tumbo moja. Hadithi ni ya India, vinyago vinafanana, na wachezaji wa kasri hizi mbili wamekuwa wakifundishana na kutekana kwa karne kadhaa. Mitandaoni watu walitukanana kana kwamba wameibiwa ng'ombe. Mwaka 2023 Kambodia ilipoandaa michezo ya kusini mashariki mwa Asia iliuita mchezo wa ngumi na mateke kun khmer, badala ya muay thai; Thailand ikagoma kupeleka mabondia. Hekalu la Preah Vihear, lililojengwa na wafalme wa Khmer juu ya mwamba mpakani, lilipewa Kambodia na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1962, na mpaka leo halijatulia: Julai 2025 majeshi ya nchi hizi mbili yalipigana siku tano, watu wakafa na maelfu wakahama. Mimi naona orodha hizi za urithi, pamoja na nia yake njema, zimewapa wanasiasa silaha ambayo hawakuwa nayo.

Kuna jambo ambalo kijana wako, pamoja na kicheko chake, huenda halimgusi, kwa kuwa inaelekea yeye ni wa kati ya nchi. Kuchonga sura moja kuliwaacha wengi nje. Karibu theluthi moja ya watu wa Thailand wanatoka Isan, na lugha ya nyumbani kwa wengi wao ni Kilao. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Bangkok ilianza kuondoa neno Lao kwenye majina ya mikoa yao, ikaweka maneno ya kumaanisha kaskazini na kaskazini mashariki. Watoto walichapwa wakisema Kilao darasani. Leo som tam, ile saladi ya papai bichi, na wali wa kunata unaoliwa kwa vidole ni fahari ya Thailand kwenye mabango. Mpishi wake miaka ya nyuma alidharauliwa mjini kwa hivyo hivyo. Hata Buddha wa Zumaridi, sanamu ambayo ni kitu kitakatifu kuliko vyote Bangkok, alichukuliwa Vientiane, mji mkuu wa Walao, na jeshi la Siam katika miaka ya 1770.

Upande wa kusini hali ni chungu zaidi. Pattani, Yala na Narathiwat ni nchi ya Wamalay Waislamu, iliyobaki ndani ya Siam kwa mkataba na Waingereza wa 1909. Enzi za Phibun walikatazwa kuvaa saruni na kutumia Kimalay kwenye ofisi za serikali. Haji Sulong, mwanazuoni wao, aliwasilisha madai saba mwaka 1947, akafungwa, na mwaka 1954 akatoweka baada ya kuitwa na polisi. Tarehe 25 Oktoba 2004, katika mwezi wa Ramadhani, waandamanaji wa Tak Bai, huko Narathiwat, walikamatwa na kurundikwa kwenye malori ya jeshi. Jumla ya waliokufa ni 85, 78 kati yao kwa kukosa hewa. Muda wa kisheria wa kushtaki ulimalizika Oktoba 2024 bila mtu hata mmoja kufikishwa kizimbani. Ukisikia mtu akisifu umoja wa utamaduni wa Thailand, jua kwamba kuna nyumba ambazo umoja huo uliingia na bunduki.

Niseme na jiwe la Ramkhamhaeng, mfalme wa Sukhothai, ufalme wa Wathai wa kabla ya Ayutthaya, maana kijana wako lazima atalileta. Ni nguzo yenye maandishi yanayosema ni ya mwaka 1292, na sentensi yake maarufu, kwamba majini kuna samaki na mashambani kuna mpunga, kila Mthai anaijua kwa moyo. Iligunduliwa mwaka 1833 na mwanamfalme Mongkut alipokuwa mtawa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wapo wanazuoni, akiwemo Piriya Krairiksh, Mthai mwenyewe, waliodai kwamba iliandikwa katika karne ya 19. Wengi wa wataalamu wa maandishi ya kale bado wanaiona ni halisi, na mimi niko upande wao. Lakini hadithi ya binti Nopphamat wa Sukhothai, anayesemekana ndiye aliyebuni vibakuli vya majani ya mgomba vinavyoelea na mishumaa usiku wa Loy Krathong, hiyo iliandikwa enzi za Bangkok, yaani baada ya Ayutthaya kuanguka. Lugha yake inajisaliti. Inawataja hata Wamarekani, miaka mia kadhaa kabla ya kuwepo Marekani. Watu bado wanamchagua mrembo wa Nopphamat kila mwaka na sioni ubaya.

Kuhusu kusimama: simama. Wewe ni mgeni, na ni sekunde chache. Wanafunzi wa Thailand ndio wenye haki ya kubishana na wimbo huo, nao walibishana mwaka 2020 walipoinua vidole vitatu uani mwa shule bendera ikipanda; kicheko cha kijana wako kina ukoo na vidole hivyo. Ila mada ya mfalme usiiguse hata kwa utani, hata mkiwa wawili. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kina kifungo cha miaka mitatu hadi kumi na mitano kwa kila kosa.

Aprili umechagua vizuri. Tarehe 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wa zamani, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2023 katika kikao cha Kasane, Botswana. Mwaka mpya wa serikali ulikuwa tarehe 1 Aprili mpaka Phibun alipouhamishia Januari mosi 1941, hivyo mwaka wao wa 2483, kwa hesabu ya Kibuddha, ulikuwa na miezi tisa tu. Songkran ikabaki kuwa ya watu. Usiishie barabarani kwenye bunduki za plastiki za kurushiana maji. Amka mapema uende hekaluni, uone vijana wakiwamwagia wazee maji ya manukato viganjani na kuomba radhi ya mwaka, na watu wakibeba mchanga kujenga vichuguu vya ibada, kurudisha ule uliobebwa na miguu yao mwaka mzima. Mwombe mama wa nyumba ya wageni akuchukue, atafurahi. Biashara ya vito wiki hiyo hulala, madalali wengi huenda kwao. Fika kabla au ubaki baada. Mzigo wako uache kwenye sefu, kwa kuwa mfuko ukishalowa maji ya Songkran na umati ukakubana, hutajua nani kakugusa.